Kwanini bastola ya kawaida usiifungie tu springi ngumu ikala risasi kali? Mafundi mje hapa

Kijana_wa_Tabata
Wakuu salama. Jana kijiweni tumebishana mpaka chai ikapoa. Jamaa mmoja anasema shemeji yake yuko Marekani ana bastola aina ya 1911, ile ya .45 (hiyo namba ni unene wa risasi kwa inchi), kabadilisha mtutu na springi tu na sasa hivi inapiga sawasawa na .44 Magnum, ile risasi kali ya rivolva. Mimi nikamwambia hiyo kamba. Bastola si imetengenezwa kwa risasi yake, ukiilisha kali zaidi si inakupasukia usoni? Na kama ni rahisi hivyo kwanini viwanda visitoe zote kali toka mwanzo? Wataalamu tiririkeni, sina bastola wala sitafuti, nataka nirudi na jibu.

mkeka_mbele
Nakaa hapa nasubiri mafundi wa intaneti.

Mnyamwezi_wa_Houston
Shemeji yake hajadanganya ila kakata stori katikati. Hicho kitu kipo, kinaitwa .460 Rowland, kimeanza miaka ya 1990. Ukomo wa presha wa .45 ACP ya kawaida ni psi 21,000 (psi ni kipimo cha presha), hii yenyewe inakwenda mpaka 40,000 hivi, yaani karibu mara mbili, kwa hiyo ukisikia mtu analinganisha na .44 Magnum sio kwamba kalewa. Na ganda lake limerefushwa makusudi, kama milimita moja na nusu kuzidi la .45, ili mtu asije akaitumbukiza kwenye .45 ya babu yake akafa.

Alichoruka huyo jamaa ni kwamba kule mbele ya mtutu kunakaa kompenseta, lile dude lenye matundu. Wengi wanadhani ni urembo. Gesi ikitokea juu inazuia mdomo usinyanyuke, halafu inauvuta mtutu mbele wakati slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, inataka kurudi nyuma, na lile dude lenyewe ni uzito umeongezeka kwenye mtutu. Vyote hivyo vinapunguza kasi ya slaidi. Ukilivua ukaendelea kupiga, fremu, yaani mwili wa chini wa bastola, ndio inapokea kipigo. Kwa hiyo "mtutu na springi tu" sio kweli.

Fundi_Chuma_Moro
Mimi sio mtu wa silaha, ni mtu wa mashine, nimechonga chuma maisha yangu yote. Nimesoma mada nikaona mnachanganya vitu viwili na mkivichanganya mtabishana mpaka Idd.

Kuna presha na kuna msukumo. Presha ni kazi ya chemba (pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa) na ganda, inadumu muda mfupi sana, swali lake ni moja tu, je chuma kinachozunguka ganda kinahimili au kinapasuka. Msukumo ni ile uzito wa kichwa cha risasi mara mwendo wake, na huo ndio unaorusha slaidi nyuma. Bastola nyingi kubwa mtutu na slaidi vimefungana, vinarudi pamoja kidogo, halafu mtutu unainama nyuma vinaachana, wakati huo kichwa kimeshatoka na presha imeshuka. Sasa ukiongeza msukumo vinarudi kwa kasi zaidi na vinaachana mapema zaidi. Kila kitu kinagonga kwa nguvu zaidi, kuanzia pini mpaka reli mpaka pale slaidi inapogota kwenye fremu.

Na hii habari ya springi ngumu inanichekesha. Springi inachangia kidogo tu kuizuia slaidi mwanzoni pale, kazi kubwa inafanywa na uzito wa slaidi yenyewe. Ukiweka springi ngumu sana unachopata ni slaidi inayorudi MBELE kwa hasira, inagonga huko nako, na magazini, lile kasha la risasi, inakuwa haijawahi kunyanyua risasi inayofuata. Umehamisha ugonjwa kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto.

mkeka_mbele
Duh, mzee umeshusha nondo

Ostadh_Mbishi
Fundi na heshima zako lakini hapo sikubaliani. Springi ingekuwa haina kazi mbona mafundi wote wa bastola kitu cha kwanza wanachouza ni springi?

Fundi_Chuma_Moro
Kwa sababu ndio kitu rahisi kuuza kijana wangu.

Kamau_wa_Range
Nyinyi watu wa Bongo mnaongea theory sana 😂 Niwaambie ya uwanjani. Mimi hushoot IPSC, mashindano ya kupiga shabaha, huku Nairobi, na leseni yangu iko sawa kabla mtu aanze. Kwa huu mchezo kuna kitu tunaita pawa fakta, unachukua uzito wa kichwa kwa greni (kipimo kidogo cha uzito wa risasi), unazidisha na mwendo wa futi kwa sekunde, unagawa kwa 1,000. Ukifika 125 uko minor, yaani nguvu ndogo, na kwa kundi la Standard ukifika 170 uko major, nguvu kubwa, hapo ukikosa katikati ya target unapoteza pointi chache. Sasa 9mm ya kawaida kichwa cha greni 124 kikienda futi 1,100 ni 136. Minor. .45 ya greni 230 ikienda 830 ni kama 190, hiyo ni major bila kujitesa. So watu wakaanza kuuliza, mbona nibebe .45 na risasi chache wakati naweza lazimisha kaliba ndogo ifike huko?

Hapo ndipo .38 Super iliingia. Miaka ya 1980 watu wa Marekani walikuwa wanaijaza baruti vibaya sana ndio wafike major. Shida ni kwamba 1911 ya kitambo, pale chini ya chemba kuna sehemu ganda haliko na chuma nyuma yake, limeachwa wazi ndio risasi ipande kutoka magazini. Presha ikizidi ganda linapasukia hapo, gesi na vipande vinarudi kwa uso. Walikuwa na jina kabisa, Super Face. Dawa haikuwa springi, ilikuwa mtutu mwenye ile njia ya kupanda risasi imechongwa kwa mtutu mwenyewe, ganda likashikwa pande zote. Hapo naunga Fundi mkono, hiyo ilikuwa presha, si msukumo.

Kijana_wa_Tabata
Kwa hiyo .38 Super ndio ilikuwa ya kwanza kulazimishwa?

Mjukuu_wa_Makavazi
Hapana mkuu, na historia yake ni tamu. Browning, yule mbunifu wa silaha, alitengeneza bastola ya kiwanda cha Colt ya mwaka 1900 yenye risasi ya .38 ACP. Mwaka 1929 Colt wakachukua risasi ileile, ganda lilelile, vipimo vilevile, wakaipa nguvu zaidi wakaiita .38 Super na kuiweka kwenye 1911. Kosa lao ni hilo, kwamba vipimo havikubadilika, maana yake risasi mpya inaingia vizuri kabisa kwenye bastola ya zamani. Na zile za zamani slaidi yake inazuiwa isirudi kwa mpigaji na kabari moja tu iliyopita kwa mbele. Kabari ikikatika slaidi inakuja usoni. Ndio maana maboksi ya .38 Super yaliwekwa onyo kwamba usipige kwenye zile Colt za zamani. Linganisha na hao .460 wa Mnyamwezi, wao walirefusha ganda, walishajifunza.

Kisa pacha chake ni bastola mbili za zamani, Mauser C96 ya Mjerumani na Tokarev ya Mrusi. Risasi ya 7.63 Mauser na 7.62 Tokarev ukiziweka mezani huzitofautishi kirahisi, moja inaingia kwenye bunduki ya mwenzake. Watu wanaambiwa usipige za Tokarev kwenye Mauser ya babu maana ni kali zaidi.

Ostadh_Mbishi
Hapo kuna wanaopinga. Wapo waliopima wakasema za Mauser za enzi hizo hazikuwa dhaifu hivyo, zilizokuwa kali kweli ni za Mchekoslovakia alizotengenezea CZ 52 yake. Na hizo Mauser zinapasuka kwa uzee.

Mjukuu_wa_Makavazi
Inawezekana vyote viwili. Bastola ya 1910 iliyopigwa vita mbili haiulizi risasi imetoka wapi. Ila kwa kuwa umeitaja CZ 52, watu miaka yote waliiona imara kuliko Tokarev kwa sababu inafungwa na rola, sijui nini. Kumbe ili rola zipate pa kukaa mtutu umechongwa, na hapohapo kwenye chemba chuma kimebaki chembamba. Tokarev na mdogo wake wa Kichina Type 54 wanaonekana kama vyuma vya kufungia geti lakini ndio wavumilivu.

Dada_Mpole_Kigoma
Samahani naingilia. Hii ya kuongeza nguvu si ni sawa na wale vijana wanaofunga turbo kwenye IST halafu breki na giaboksi wanaacha zilezile?

mkeka_mbele
Dada umemaliza 😂😂

Mtoto_wa_Gerezani
Tena kuna mmoja mtaani kwetu ile IST ilizima pale mataa ya Chang'ombe moshi ukafunika mpaka trafiki, akaiuza kwa vipande. Bodi lipo mpaka leo, kuku wanalala humo.

Mnyamwezi_wa_Houston
Turudi kwenye mada jamani. Mwaka 1986 tarehe 11 Aprili, Miami, FBI walipambana na majambazi wawili wa benki, Platt na Matix. Maajenti wawili walikufa, Grogan na Dove, wengine watano wakajeruhiwa. Risasi ya 9mm ya Dove ilipita mkono wa Platt ikaingia kifuani ikasimama kama inchi moja kabla ya moyo, na Platt akaendelea kupigana. FBI wakasema 9mm haifai wakaenda 10mm, ambayo ilianza na bastola ya Bren Ten mwaka 1983, greni 200 kwa futi 1,200. Halafu maajenti, hasa wenye viganja vidogo, ikawashinda kwa teke lake, ndio ikapunguzwa ikawa .40.

Kamanda_Mstaafu_Dom
Mnyamwezi, kisa cha Miami umekieleza sawa ila mwisho umeweka hadithi ya vijiweni. FBI hawakugawa 10mm kamili kwa maajenti wote halafu ikawashinda. Walipofanya majaribio yao waliona risasi ya greni 180 ikienda futi 950 hivi inazama inchi wanazotaka, yaani zisipungue 12, bila teke kubwa, wakaagiza hiyo nyepesi toka mwanzo. Smith & Wesson wakatazama wakaona, nguvu hii mbona inaenea kwenye ganda fupi zaidi? Wakishirikiana na Winchester wakalikata, Januari 1990 ikatangazwa .40 S&W, faida yake inaingia kwenye bastola ya umbo la 9mm. Hiyo bastola yao ya 10mm yenyewe, inaitwa 1076, ilikuwa nzito na ilirudishwa kiwandani kwa shida za kifyatulio, habari ya viganja watu wameipaka baadaye.

Na mimi hata hiyo habari kwamba 9mm ndio ilisababisha vifo siikubali moja kwa moja. Platt alikuwa na Mini-14, bunduki ndefu, maajenti wengi wana bastola na wameingia bila kujipanga. Katika taasisi yoyote kulaumu risasi ni rahisi kuliko kulaumu mpango.

Kamau_wa_Range
Kamanda hiyo hesabu yako ni tamu. 180 mara 950 gawa 1,000 = 171. Yaani hiyo .40 inapita 170 kwa pua tu 😂 Ndio maana huku kwa Standard karibu kila mtu ako na .40.

Ostadh_Mbishi
Sasa kama .40 iliwekwa kwenye umbo la 9mm si ndio kulekule kulazimisha? Mbona hizo hazikupasuka?

Fundi_Chuma_Moro
Nani kasema hazikulalamika. Watengenezaji wengi ilibidi wachonge upya. SIG P226 slaidi yake ya mwanzo ilikuwa ya bati lililokunjwa, kwa risasi za .40 na .357 SIG wakahamia slaidi ya chuma kisichopata kutu iliyochongwa kutoka pande zima. Browning Hi-Power ya .40 iliyotoka katikati ya miaka ya 1990 ilipewa slaidi nene zaidi na fremu ya kumimina badala ya ile ya kufua. Mtu wa kawaida anadhani ya kufua siku zote ni bora, hapa wakaona ya kumimina inavumilia zaidi. Nenda kaangalie Glock, pini ya tatu pale juu ya kifyatulio ilikuja na .40, baadaye wakaiweka na kwenye za 9mm.

Kwa hiyo aliyefanikiwa ama alijenga bastola upya kuizunguka risasi ama aliipunguza risasi iendane na bastola. Katikati hapo ndipo mafundi wa mitaani wanapopata hela zao.

Mnyamwezi_wa_Houston
Colt nao waliingiza 10mm kwenye 1911 mwaka 1987, Delta Elite. Fremu zikawa zinapata ufa pale juu ya tundu la pini ya kuzuia slaidi, kuna kipande chembamba cha chuma. Unajua walifanya nini? Walikiondoa kile kipande kabisa. Kisichokuwepo hakipati ufa.

mkeka_mbele
Hahahaha hiyo ni akili ya fundi wa kwetu kabisa

Fundi_Chuma_Moro
Cheka, lakini ni sahihi. Kile kipande kilikuwa hakibebi mzigo wowote wa maana, kilikuwa kinakusanya msongo tu. Kukitoa ni uhandisi.

Kamanda_Mstaafu_Dom
Kwa nini hamjazungumzia Beretta? Hapo ndipo mada yote ilipo. Jeshi la Marekani lilichukua Beretta 92 mwaka 1985 wakaiita M9. Muda si mrefu slaidi za wale makomando wa majini, SEAL, zikawa zinakatika katikati, nusu ya nyuma inaruka usoni kwa mpigaji. Watu waliumia. Mpaka wakatunga utani kwamba wewe sio SEAL mpaka ule chuma cha Kitaliano. Na hawakubadilisha chochote kwenye bastola, walibadilisha chakula chake tu. Walikuwa wanapiga risasi nyingi mno na kali mno.

Ostadh_Mbishi
Hiyo ni hadithi ya Beretta wenyewe. Jeshi lilisema chuma kilikuwa na kasoro.

Kamanda_Mstaafu_Dom
Sasa wewe unadhani jeshi litasema risasi zetu ndio mbovu?

Ostadh_Mbishi
Na Beretta watasema chuma chetu ndio kibovu? Kuna madai kwamba baadhi ya slaidi za kutoka Italia zilikuwa na teluriamu, kitu wanachotia chuma kiwe rahisi kuchonga lakini kinapunguza ugumu wake wa kustahimili kupigwapigwa. Na zilikatika hata kwenye maabara ya jeshi kwa risasi zao za kawaida, baada ya kupigwa maelfu.

Fundi_Chuma_Moro
Mimi nitaongeza la tatu. Mkiitazama Beretta, slaidi yake juu imeachwa wazi na pembeni pale kabari ya kufungia inapokaa imechongwa nyembamba. Chuma kikipigwa mara elfu kadhaa kinachoka, na kikichoka kinaanzia ufa pale palipo na kona kali. Risasi kali inafupisha siku, chuma chenye kasoro kinafupisha siku, umbo linachagua mahali. Wote mnaweza kuwa sahihi.

Ostadh_Mbishi
Fundi unataka kupatanisha watu wasiotaka kupatana 😂

Mjukuu_wa_Makavazi
Na suluhisho lao limejaa ujanja. Kwenye 92FS, toleo lililofuata, waliongeza kichwa cha pini ya nyundo kikawa kipana, slaidi ikikatika ile nusu ya nyuma inanaswa haifiki usoni. Hawakuizuia isikatike, waliizuia isikuue.

Kijana_wa_Tabata
Aisee nimejifunza mengi. Sasa swali la mwisho, huku kwetu kuna haja ya haya yote? Maana Kenya kila taarifa ya habari ni "bastola aina ya Ceska".

Kamau_wa_Range
Hiyo Ceska ni 9mm ya kawaida tu, CZ. Ile pini ya kuzuia slaidi ndio huvunjika ukiipiga sana, kila mtu mserious kwa range hubeba ya spare. Sasa kama 9mm ya kawaida inaivunja, imagine mtu anaiongezea.

Askari_Pori_Mstaafu
Vijana shikamooni kwa waliozidi, marahaba kwa waliobaki. Nimefanya kazi porini miaka mingi. Mara kwa mara wageni walikuwa wananiuliza habari ya bastola ya 10mm, eti kule Greenland askari wa Kidenishi wa mbwa na sleji, Sirius, wanabeba Glock 20 kwa ajili ya dubu. Sawa, dubu ni dubu. Nyati akikujia kutoka kwenye kichaka cha mita 15 hiyo bastola unampigia nini? Sisi ilikuwa bunduki ya .458, na mwindaji halali wa wanyama hatari haruhusiwi kushuka chini ya .375. Niliwahi kumuona mmoja ana bastola ya thamani kiunoni, tulivyosikia nyati anapumua aliisahau kabisa kama anayo, alipanda mti wa miiba. Tulikaa mpaka jioni tunamtoa miiba.

mkeka_mbele
Marahaba mzee, nimecheka mpaka bosi kaniangalia

Dada_Mpole_Kigoma
Na mjini nako ndio kabisa. Nyumba zetu hizi za tofali za block na dari la gypsum, hata hiyo 9mm inavuka chumba inaenda kwa jirani. Ukiongeza nguvu unamlinda nani?

Msimamizi_Usiku
Nimefuta post mbili zilizouliza vipimo vya baruti na wapi pa kuchongesha mtutu Dar. Historia na ufundi wa jumla ruksa, darasa la kubadilisha silaha hapana. Tanzania kuna sheria ya silaha na risasi ya 2015, Kenya kuna Sura ya 114, mwenye leseni aende kwa fundi mwenye leseni. Endeleeni.

Ostadh_Mbishi
Sawa msimamizi. Mimi bado nina deni na Fundi. Glock 22 za .40 kuna idara za polisi Marekani zilikuwa zinafanya kazi vizuri mwaka mzima, siku wakifunga tochi chini ya mtutu zinaanza kukwama. Risasi ileile, springi ileile. Elezea hiyo.

Fundi_Chuma_Moro
Fremu ya plastiki ikipigwa inajikunja kidogo, huo mkunjo unakula sehemu ya kishindo. Ukifunga tochi umeikaza, mtikisiko wote unakwenda kwenye magazini, risasi zinaruka humo ndani.

Kamau_wa_Range
Wengine walisema ni springi za magazini zilikuwa weak, ndio maana Glock walizibadilisha.

Ostadh_Mbishi
SPRINGI. Nilisema mimi.

Fundi_Chuma_Moro
Ya magazini wewe, sio ya slaidi. Soma tena post yangu ya kwanza pale niliposema magazini haijawahi kunyanyua.

Ostadh_Mbishi
Springi ni springi mzee wangu.